Pampu ya Marehemu Mume Wangu

Mume wangu alifariki ndani ya kisima cha konde letu, Mkongani, asubuhi moja ya kiangazi, alipokuwa ameshuka kuitazama pampu. Haikuwa mara yake ya kwanza kushuka. Kisima kile alikichimba mwenyewe akisaidiana na mzee jirani yetu, ambaye kuchimba visima ndiyo kazi yake tangu ujana, na ukutani walichonga vishimo vya kukanyagia. Mume wangu alikuwa akishuka na kupanda kama mtu aingiaye jikoni kwake.

Pampu yetu ni ya petroli, ndogo, mtu mmoja huibeba. Pampu za aina ile huvuta maji kutoka chini, na kuna kina ambacho haziwezi kukipita. Maji yakiwa pima tatu, yanakuja vizuri. Yakiwa pima nne, yanakuja kwa shida. Mwaka ule vuli ilipita bila mvua ya maana, maji kisimani yakateremka mpaka pima sita, na pampu iliyokaa juu ikawa inavuta hewa tu. Tulikuwa na bamia, mchicha, na nyanya zilizokwisha kutoa maua. Mume wangu akakata magogo mawili, akayakingamisha ndani ya kisima katikati ya kina, akapigilia mbao juu yake, kisha pampu tukaiteremsha kwa kamba mpaka ikakaa pale. Wako wengi wafanyao hivyo. Sikumkataza. Kamba niliishika mimi.

Siku tatu mambo yalikwenda sawa. Alikuwa akishuka, akiiwasha, akipanda haraka, na maji yakamiminika kwenye mifereji. Siku ya nne mashine iliwaka, ikanguruma kiasi cha nusu saa, kisha ikaanza kukatakata kama inayotaka kuzimika.

"Nashuka kuigusa choki," alisema. "Sikawii."

Choki ni kile kijimkono kinachoziba hewa mashine ikiwa baridi, ipate kuwaka upesi. Ikikwama, mashine hukohoa. Mimi nilikuwa hatua kama kumi kutoka kisimani, nimeketi chini nikifunga mchicha kwa nyuzi za mgomba, maana ilikuwa siku ya soko. Niliisikia mashine ikitulia, ikanguruma sawasawa, nikajua ameishughulikia. Nikafunga mafungu manne zaidi, au matano. Ndipo nikatambua kuwa hajapanda.

Nilipochungulia nilimwona ameketi juu ya zile mbao, mgongo ukutani, kichwa kimeinama kifuani, kama mtu aliyepitiwa na usingizi baada ya chakula cha mchana. Nilimwita kwa jina lake. Kisha nikamwita baba, kama binti yetu anavyomwita. Hakuinua kichwa.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, konde lake linapakana na letu. Alinisikia, akaja mbio, akavua viatu, akakaa ukingoni ashuke. Lakini yule mzee mchimba visima naye alikuwa amefika. Alimkamata shemeji mkanda wa suruali kwa nyuma, akamvuta kwa nguvu mpaka wote wawili wakaanguka chini.

"Ukishuka tutatoa wawili," alisema.

Shemeji alipigana naye. Wanaume wengine waliokuwa njiani wakaja wakamshika mikono. Mzee akasema, "Hashuki mtu mpaka mashine ijizime na moshi utoke."

Basi tukasubiri. Mashine ilikuwa huko chini na hapakuwa na wa kuizima. Walisimama wamekizunguka kisima wakiisikiliza ikinguruma. Mimi nilirudi pale pale kwenye mchicha, nikaketi, nikaendelea kufunga mafungu. Hakuna aliyenikataza. Nadhani hakuna aliyeniona. Petroli ilipoisha pakawa kimya, na mzee akafunga tawi lenye majani mengi kwenye kamba, akawa analiteremsha na kulipandisha ili hewa ichanganyike, huku wengine wakimwaga maji ndoo baada ya ndoo. Walifanya hivyo muda mrefu sana. Kisha mzee akajifunga kamba kiunoni akashuka yeye mwenyewe.

Mume wangu tulimzika siku ile ile kabla ya maghribi.

Watu walisema sikulia kwa sababu nina subira. Sikuwa na subira. Sikuwa na kitu chochote. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: unaujua kuwa ni wako, lakini ukiugusa husikii. Jambo moja tu nililisikia, nalo lilikuwa dogo na gumu kama kokoto. Nilimhesabu yule mzee kuwa ndiye aliyemuua mume wangu. Nilijiambia kwamba kulikuwa na muda, na yeye akaupoteza.

Nilikaa eda miezi minne na siku kumi. Shemeji aliitoa pampu kisimani, akaiweka stoo, akaifunika gunia. Nikiwa mkekani nilisikia watu wa nyumbani wakijadiliana. Mmoja alisema iuzwe, mwingine akamwuliza ni nani atakayenunua mashine iliyoua mtu. Mwingine alitaka itupwe na kisima kifukiwe. Kila aliyesema nilimwitikia. Binti yangu, wakati ule ana miaka kumi na miwili, alikuwa hapiti mbele ya mlango wa stoo. Akitaka kwenda bafuni alizunguka nyuma ya nyumba, hata mvua ya masika ikinyesha.

Eda ilipoisha nilioga, nikavaa buibui, nikaingia stoo, nikaifunga pampu ndani ya gunia lake pamoja na mtungi mdogo uliokuwa na mabaki ya petroli ya siku ile, nikamwita mtu wa boda. Nikiulizwa leo husema kwamba konde lilikuwa limejaa magugu na tulihitaji kula. Ni kweli, lakini sikwenda kwa sababu hiyo. Nilitaka mtu anayejua mashine aifungue aniambie ilikuwa na nini.

Nilielekezwa kwa fundi mmoja Ukunda, mtu wa bara, ambaye kazi yake ni jenereta na mashine za kukatia nyasi za majumba ya Diani. Boda ilinifikisha stendi, nikapanda matatu, na Ukunda nikashuka nikapanda tuktuk, pampu imekaa kati ya miguu yangu. Fundi alikuwa amejenga kibanda chake chini ya mwarobaini, na mbele yake mashine zimepangwa kama watoto wanaosubiri kudungwa sindano.

"Mama, hii ilikuwa inafanya kazi gani?" aliuliza.

"Ilikuwa ikivuta maji."

"Na ilikuwa inatoa moshi mweusi?"

"Siku za mwisho, ndiyo."

Alifungua kifuniko cha pembeni akatoa sponji iliyokuwa nyeusi, imeshikana kwa vumbi na udongo, ngumu kama kipande cha ngozi. Aliiweka kiganjani akanionyesha. "Hii ndio filta ya hewa. Ni kama pua ya mashine. Imeziba kabisa. Sasa mashine ikikosa hewa, petroli haiwezi kuungua yote, inatoka huku kwa bomba ikiwa nusu mbichi. Ona na choki imekwama hapo katikati. Plagi nayo."

Plagi, ile inayotoa cheche ya kuwashia, ilikuwa na masizi kama tako la sufuria ya kuni.

Kisha akaufungua mtungi wangu, akanusa, akatikisa kichwa. Alichukua karatasi nyeupe, akadondosha tone la petroli yangu, na kando yake tone la petroli yake. Tukangoja. Tone lake lilikauka pasibaki kitu. Langu liliacha duara lenye mafuta, kama karatasi iliyofungiwa bajia.

"Petroli ikikaa sana pia inaweza kuacha alama," alisema, "lakini hii harufu ni ya stovu. Walichanganya na mafuta ya taa. Mlikuwa mnanunua wapi?"

Petroli ile niliinunua mimi. Mume wangu aliniambia niende mpaka kituo cha mafuta, Kwale mjini. Jua lilikuwa kali, na njiani kulikuwa na mtu anayeuza kwa chupa. Nikaishia kwake. Hata filta nilikuwa nikiiona kila siku na sikujua kuwa ni kitu cha kuoshwa.

Nikamwuliza, "Kama petroli ingekuwa safi, na hiyo sponji imeoshwa, angekufa?"

Fundi alikuwa hajui lolote. Aliinua uso. "Nani alikufa?"

Nilimweleza kwa maneno machache. Aliweka spana chini, akafuta mikono kwa kitambaa kidole kimoja kimoja, akasema, "Pole sana, mama." Niliona anatafuta la kuniambia, na nikamshukuru moyoni kwamba hakuharakisha.

"Sitakudanganya," alisema mwishowe. "Mashine chafu inatoa sumu nyingi zaidi. Lakini hata iliyo safi inatoa. Hata mpya ya duka. Ile sumu yenyewe haina rangi na haina harufu, huu moshi mweusi unatoka nayo tu. Ndani ya shimo, hata mashine safi ingemuua. Labda ingechukua muda kidogo. Labda pia haingechukua."

"Na mtu akishuka kumtoa?"

"Naye anabaki huko. Dakika chache tu, miguu inaisha nguvu."

Nilikaa nikingoja kusikia kitu, ama nafuu ama maumivu. Nilifikiri kwamba sasa kitakuja. Nilimtazama mtu wa tuktuk akibishana na abiria wake ng'ambo ya barabara. Hakikuja.

"Hii sponji inaoshwaje?" niliuliza.

Alinifundisha. Siku ile nilikaa mpaka alasiri, na nikarudi siku nyingine tatu, na hakuniuliza kwa nini mwanamke anataka kujua mambo haya. Sponji huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, inakamuliwa bila kusokotwa, inakaushwa kivulini. Ikikauka inatiwa matone machache ya oili na kukamuliwa tena, ili vumbi linase. Oili ya injini hubadilishwa mashine ikiwa bado ya moto, maana ndipo inaposhuka pamoja na uchafu wake. Oili chafu haimwagwi shambani. Mimi huikusanya mtungini, na seremala wa kwetu huichukua kupaka nguzo kwa ajili ya mchwa. Fundi alinionya kuhusu wale wanaotia oili ndani ya petroli kwa kuona wenzao wakifanya hivyo. Kuna mashine zinazotaka mchanganyiko ule, yangu haitaki, na ukiitilia itafuka moshi wa buluu. Kazi ikiisha nafunga njia ya petroli na kuiacha mashine iwake mpaka ijizime yenyewe, ili kabureta isibaki na mafuta ya kulala yakaganda humo.

Lile la mwisho halikunipendeza kulifanya. Kusimama na kusikiliza injini inavyokwisha. Lakini nililifanya.

Mikono yangu iliyapenda mambo haya kuliko mimi. Naweza kusema hivyo. Asubuhi nilikuwa nikiamka bila haja ya kuamka, na mikono ikawa inajua pa kuanzia.

Mvua ya masika ilikuwa imejaza kisima, maji yamerudi pima tatu, kwa hiyo pampu iliweza kukaa juu. Niliiweka mbali na mdomo wa kisima, upande ambao upepo unatoka kisimani kwenda vichakani, na bomba la moshi nikaligeuza lisielekee nyumbani. Nilivuta kamba mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu ikawaka.

Binti yangu alitoka ndani, akapita bila kunitazama, akaenda mpaka barabarani akasimama kule akinipa mgongo. Alisimama mpaka nilipoizima. Siku iliyofuata alifanya vivyo hivyo, na wiki iliyofuata. Jioni tulikula bila kulitaja.

Siku moja, zimepita wiki nyingi, alirudi kutoka barabarani kabla sijaizima. Akasimama upande wa pili wa mfereji.

"Mbona hainuki kama zamani?" aliuliza.

Niliizima, nikangoja ipoe, nikaifungua plagi nikampa. Ncha yake ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, ndivyo inavyotakiwa. Nilimwambia kwamba ikiwa nyeusi mashine inakosa hewa au inakula petroli kupita kiasi, na ikiwa hivi basi inaungua vizuri. Aliishika kidogo, akaigeuzageuza, akanirudishia. Kisha akaenda kunawa mikono.

Miaka miwili baadaye kiangazi kibaya kilirudi. Maji ya kisima changu yakateremka kupita pima nne. Nilipoona hivyo niliifunga pampu, nikaacha bamia zife, nikabaki na matuta machache ya mchicha ninayoweza kuyanywesha kwa ndoo. Shemeji naye alikuwa na kisima chake kwenye lile konde tunalopakana, na mwaka ule alikuwa amepanda nyanya nyingi kuliko miaka yote.

Alikuja alasiri akapiga hodi. Nilimkaribisha, nikampa maji. Alikunywa, akazungushazungusha kikombe.

"Shemeji, naiomba pampu," alisema. "Kwa siku mbili tatu."

"Kisima chako kina maji pima ngapi?"

"Tano na kitu."

"Basi haitavuta."

Alitazama chini. "Nimekwisha kukingamisha magogo."

Akaendelea, sauti yake ya upole, maana ni mtu mpole, "Hii yako si kama ilivyokuwa. Naisikia kila siku nikiwa kule kwangu. Haina moshi hata kidogo. Umeitunza. Na nitashusha taa kwanza kwa kamba. Ikiendelea kuwaka, ndipo nishuke."

"Taa itawaka na wewe utaanguka," nilimwambia. "Fundi aliniambia. Sumu yake haizimi taa. Na kutokuwa na moshi si kutokuwa na sumu."

"Kaka alikosea kukaa kule chini muda mrefu. Mimi nitaiwasha nipande."

"Naye alikuwa akiiwasha akipanda."

Aliweka kikombe chini. Kisha akasema jambo ambalo nadhani alikuwa amelibeba tangu siku ile. "Lau mzee asingenishika, ningemtoa."

Nilitazama mikono yake. Inafanana na ya kaka yake. Nilitaka kumwambia aliyoniambia fundi, kwamba angebaki kule kule, lakini maneno hayakupanda. Nilisema tu, "Pampu sitoi." Akainuka, akaniaga kwa heshima, akaenda zake.

Asubuhi yake, nikiwa nafagia uwanja, nilisikia mashine. Mashine iliyo juu ya ardhi ina sauti yake. Sauti huenda pande zote. Iliyo ndani ya shimo husikika kama mtu anayesema akiwa amefunikwa blanketi. Niliacha ufagio nikaenda. Sikukimbia. Nakumbuka kwamba nilitembea tu, lakini nilipofika nilikuwa sina pumzi, na kanga ya kichwani ilikuwa imeanguka mahali.

Alikuwa ameazima pampu kijiji cha pili. Moshi ulikuwa unapanda taratibu kutoka mdomoni mwa kisima, wa kijivu, na mashine ilikuwa imeanza kukatakata. Shemeji amekwisha kuvua viatu.

"Inakohoa," aliniambia, kama anayejitetea. "Nataka kuigusa choki tu."

Vishimo vya kukanyagia vilikuwa upande mmoja wa kisima. Nilikwenda nikaketi pale pale vinapoanzia, miguu yangu ikining'inia ndani, nikashika ukingo kwa mikono miwili. Hakuweza kupita ila kwa kuniondoa, na hakuweza kuniondoa, kwa kuwa mimi ni mke wa marehemu kaka yake na hangenigusa.

"Shemeji, toka hapo," alisema.

"Nimekaa."

"Nyanya zinakufa."

"Naziona."

"Unavuta moshi huo."

"Basi usinikalishe sana. Sema hushuki."

Alizunguka kisima mara mbili, akashika kichwa, akaenda kuziangalia nyanya zake, akarudi. Mashine ilikatakata, ikatulia, ikanguruma. Nilikaa nimegeuza uso upande wa upepo. Sikuogopa, na nalieleza hili bila kujisifu, maana kutoogopa kwangu hakukuwa ushujaa. Nilikuwa sisikii tu. Mwishowe nilisikia ameketi chini nyuma yangu.

"Sishuki," alisema.

"Apia."

"Wallahi sishuki."

Niliondoka ukingoni nikaenda kuketi karibu naye, mbali kidogo na moshi. Tukaisubiri mashine. Alianza kulia, kwanza kimya kimya, kisha kwa sauti, kama alivyostahili kulia miaka miwili iliyopita na hakuweza mbele za watu. Hapo ndipo nilipomweleza aliyosema fundi: kwamba angeshuka siku ile angebaki, na kaka yake asingepona. Alinisikiliza akijifuta kwa kola ya shati. Nikamwambia pia kuhusu petroli ya chupa. Sikuwa nimemwambia mtu.

Akasema, "Hata mimi nilikuwa nikinunua kwake."

Petroli ya pampu ile iliisha, pakawa kimya, tukasikia njiwa. Kichwa kiliniuma mpaka alasiri. Pampu ya watu tuliiacha kule chini hadi siku ya pili, tukaitoa kwa kulabu na kamba bila mtu kushuka. Nyanya zake zilikufa karibu zote. Alizing'oa mwenyewe akawapa mbuzi.

Juma lile lile nilikwenda kwa mzee mchimba visima. Tangu mazishi nilikuwa nikimpita njiani kwa salamu ya kutazama pembeni. Nilimkuta akinoa sururu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nilimwambia, "Nilikuchukia."

"Najua," alisema, akiendelea kunoa.

"Nimekuja kwa habari ya kisima. Mimi na shemeji tunataka kushuka bondeni, ambako maji yako karibu."

Aliacha kunoa. Nilifikiri atalirudia lile la chuki, lakini aliniuliza kama tuko tayari kupoteza mazao ya masika, kwa kuwa bonde lile hufurika. Nikasema tuko tayari. Akasema atakuja Jumamosi. Nilipofika nyumbani nilijaribu kupima kama ile kokoto bado ipo. Haikuwapo, na mahali pake hapakuwa na kitu kingine.

Bondeni maji yalipatikana pima mbili. Pampu yangu hukaa juu, kwenye kibao, na hunywesha matuta yangu na ya shemeji kwa zamu. Masika hatulimi kule. Tunanunua petroli kituoni, kiasi cha juma moja tu, isizeeke mtungini, na tone la kwanza la kila mtungi huliweka kwenye karatasi. Binti yangu ndiye anayelitazama siku hizi akiwa hayuko shule. Majirani nao wameanza kuniletea mashine zao. Naosha filta, nasugua plagi, na kabla sijamrudishia mtu mashine yake namwuliza ataiweka wapi. Asiponijibu vizuri, mashine inalala kwangu.

Hivi karibuni chifu aliitisha baraza la wakulima, akaniomba niseme machache kuhusu pampu. Nilisimama mbele yao nikasema yote: filta, oili, plagi, petroli ya chupa, karatasi. Kisha nikasema kuhusu kisima na mume wangu, kwa sauti ile ile, na nikaona wanawake wawili wa mbele wakitazama chini. Mwanamume mmoja wa nyuma aliinua mkono.

"Na maji yakipita pima nne, mtu afanye nini?"

"Achote kwa ndoo," nilimjibu. "Au apande muhogo."

Watu walicheka kidogo, naye akacheka. Mwingine akauliza kuhusu aina ya oili. Hakuna aliyeniuliza tena kuhusu kisima, na sikuwa na haja waulize. Niliketi. Msaidizi wa chifu akaniletea soda iliyokuwa imekaa juani. Ilikuwa ya moto. Niliinywa yote, nikamrudishia chupa.